Buluu ya Mtungi wa Pili

Kabla sijatunga ule ubeti, Mubin alikuwa ameshanieleza jinsi buluu ile ilivyopatikana. Naanza na hilo kwa sababu wanaonitetea husema sikujua. Kijana wa Likoni atajuaje mambo ya mazulia ya Afghanistan? Nilijua. Nilielezwa zulia likiwa limetandikwa mbele yangu, nikatikisa kichwa kuonyesha kwamba nimeelewa.

Nilikuwa dereva na mbebaji katika ofisi ya Madam Lamees hapa Dubai. Ofisi hiyo hupokea kazi za mikono za mafundi wa Afghanistan, mazulia, vitambaa vya kutarizi, vikombe vya kioo, maandishi ya kalamu ya mwanzi, ikazitafutia wanunuzi na kuwarudishia mafundi oda mpya ili ufundi wao usife. Ghala letu liko Jebel Ali. Mubin ndiye aliyekuwa mkaguzi wa mazulia. Lililochanika njiani alilitengeneza kwenye chumba chake cha kazi kule Satwa, kati ya fundi cherehani na gereji. Kwao ni Andkhoi, kaskazini ya Afghanistan. Aliniita Zein jan, kama wanavyoitana kwao watu waliozoeana, nami nilimwita ustadh. Tuliongea Kiarabu cha kuokoteza, na kilipotuishia tuliingia Kiingereza.

Zulia lenyewe lilifumwa na dada yake, Najla. Kwao siku hizi wanawake wengi wamefungiwa milango ya kazi, kwa hiyo kazi imerudi nyumbani, kwenye kitanda cha kufumia kilichoegemezwa ukutani. Najla alifuma na majirani zake watatu, miezi minane. Sufu aliitia rangi mwenyewe kwa namna aliyorithi kwa mama yake: nyekundu kwa mizizi, manjano kwa maganda ya komamanga, buluu kwa nili iliyochachushwa ndani ya mtungi.

Siku tulipolifungua ghalani niliona utepe wa buluu iliyopauka, upana wa kiganja, umekatiza zulia karibu na kati. Nikamwonyesha Mubin kwa kidole, kama mtu aliyegundua wizi. Akachuchumaa, akapapasa ule utepe. Akasema mtungi wa kwanza ulikwisha nguvu, Najla akaanzisha wa pili katikati ya baridi kali, na nili ikichachushwa kwenye baridi haishiki kama ya kiangazi. Angeweza kungoja. Hakungoja, kwa sababu tangu zamani hawangoji. Zulia huandika majira liliyofumwa. Watu wanaojua, alisema, huutafuta utepe huo kwanza, maana kiwanda hakiwezi kuufanya.

"Kiwanda kinajua buluu moja tu," aliniambia. "Najla anazijua zote."

Aliyeagiza zulia hilo alikuwa Bi Fairuz, mama wa Kizanzibari wa familia iliyokaa Dubai tangu miaka ya sitini. Alikuwa na mabinti wanne wenye nyumba zao. Alikuwa amemwahidi Madam Lamees kwamba likimpendeza la kwanza, ataagiza manne mengine ya namna ileile, moja kwa kila binti. Mubin alikuwa ameshalifikisha neno hilo Andkhoi. Manne hayo yangekuwa kazi ya miaka miwili na zaidi kwa Najla na wenzake, na wengine watatu walikuwa wameshaomba kujifunza kutia rangi.

Tulilipeleka zulia nyumbani kwake Rashidiya mimi na Shem, mbebaji mwenzangu wa Kisumu. Tukalitandika sebuleni. Kulikuwa na wanawake kama kumi, mabinti, mawifi na majirani, kahawa inazunguka, halua imekatwa. Bi Fairuz alilizunguka zulia kwa miguu mitupu. Alipofika kwenye ule utepe alisimama, akainama, akatabasamu. Hakuuliza kitu. Nikajua kwamba naye ni miongoni mwa wanaojua.

Ningeshika njia nikaenda zangu. Lakini mimi ni malenga, au ndivyo nilivyojiita wakati huo. Sikufundishwa na mtu. Mizani nilijifunza kwa kuhesabu kwa vidole nikiwa mlinzi wa zamu Jebel Ali, makontena yakipita, na nilijivunia hilo kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho. Nyumba ile ilisifika kwa ushairi. Baba yake Bi Fairuz alikuwa mtu wa kutungiwa na kutunga. Nikaomba ruhusa nilisome shairi la kulikaribisha zulia.

Wakaniruhusu. Nikasoma beti tatu. Nilipomaliza, Bi Fairuz aliomba nirudie mstari wa tatu wa ubeti wa kwanza. Nikarudia kwa sauti ya juu: "Zulia la kupendeza, lang'aa kama nyota." Akainua mikono, akawa anakunja kidole kimoja kimoja kwa kila silabi ya kipande cha pili. Kidole cha nane kilibaki kimesimama.

"Saba," alisema. "Mwanangu, mstari wako unachechemea. Nenda kauhesabu tena, kisha urudi."

Walicheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Mmoja wa mabinti hata alinisogezea sahani ya halua. Lakini Shem naye alicheka, Shem asiyejua mizani wala vina, na hicho ndicho kilichonichoma. Ndani ya lifti akaniambia, "Malenga, leo umepewa homuweki."

Na Bi Fairuz alikuwa amehesabu sawasawa. Ilikuwa saba.

Nilimwacha Shem aende kununua maji, nikakaa ndani ya vani, kiyoyozi kimewashwa, nikatunga. Sijawahi kutunga kwa wepesi kama siku ile. Nilitaka kumuumiza mwanamke mmoja, na nilijua pa kumshikia: kitu alichokitandika mbele ya mawifi zake kwa furaha. Vina vilikuja vyenyewe. Kila mstari niliuhesabu mara tatu.

Zulia limeingia, kwa mbwembwe na mashauzi,
Bibi akajisifia, kwamba ni kazi azizi,
Buluu imefifia, pale kati kwenye nyuzi,
Mfumaji nakwambia, ni kipofu wa ujuzi.

Zilikuwa beti tano. Huu ndio ulioshika. Nilipofika mstari wa nne nilisita. Nilimkumbuka Mubin amechuchumaa pale ghalani. Nilijaribu mistari mingine miwili isiyomgusa mfumaji, lakini yote ilikuwa dhaifu, na huu ulikuwa mzuri. Nikauacha. Katika ubeti wa mwisho nikatia jina langu, Zein wa Likoni, kama wanavyofanya watungaji, nikajirekodi nikilisoma shairi lote na kulituma kwenye kundi letu la Watsapu la Waswahili wa Dubai, watu zaidi ya mia mbili, Wakenya, Watanzania, Waganda na Wazanzibari wenyewe.

Jina la Bi Fairuz sikulitaja. Haikuhitajika. Wanawake kumi walikuwa wameliona zulia.

Siku tatu niliishi kama mfalme. Sauti yangu ilitoka kundi moja ikaingia jingine. Ilifika Sharjah, ikafika Muskati. Mwanamke nisiyemjua aliutia ule ubeti mahadhi ya taarabu akauimba jikoni kwake. Kwenye mgahawa wa Satwa mtu alinilipia chai akisema, "Wewe ndiye yule wa buluu imefifia?" Nikasema ndimi. Nilisema kwa kifua mbele.

Siku ya nne Madam Lamees aliniita. Bi Fairuz amepiga simu, zulia halitaki, na yale manne yafutwe. Hakutoa sababu ila kwamba rangi haikumridhisha. Madam hakuelewa, maana mara ya kwanza mama huyo alishukuru sana. Akanituma nikalichukue.

Bi Fairuz alinifungulia mwenyewe. Zulia lilikuwa limeshakunjwa, limefungwa kamba, limesimamishwa mlangoni kama mgeni anayesubiri teksi. Nilidhani atanitukana. Nilikuwa nimeandaa majibu.

"Jana alikuja wifi yangu kutoka Al Ain," alisema. "Hajavua viatu, ananiuliza, hiyo buluu iliyofifia iko upande gani? Leo asubuhi amekuja mwingine. Nyumba yangu imekuwa maonyesho."

Nikamwambia kwamba shairi halikumtaja mtu.

"Usinifanye mtoto, Zein. Ulinikusudia mimi. Basi ungeniimba mimi. Mimi ningekujibu, tungejibizana, watu wangefurahi, ingekwisha. Huyo mfumaji atakujibu kwa lugha gani?"

Nikatoa jibu lililokuwa karibu. Nilimwambia kama ni mizani, safari hii imetimia. Nayaandika maneno hayo hapa kama nilivyoyasema. Bi Fairuz aliniangalia kidogo, si kwa hasira, akaufunga mlango taratibu. Nikalibeba zulia begani, nikalishusha peke yangu.

Mubin alikuwa Satwa, amekaa chini na sindano yake, anashona ukingo wa zulia jingine. Shem alikuwa pale, alitangulia kupeleka uzi. Nilipoingia na mzigo begani wote wawili walinyamaza, nikajua Shem ameshasema. Hakuwa na nia mbaya; alidhani Mubin analijua lile shairi kama kila mtu.

Mubin alinikaribisha chai kwanza. Kisha akasema amesikia kuna shairi juu ya zulia la Najla, na kwamba mtungaji ni mimi. Akasema kwao pia mashairi yana heshima. Aliniomba nimsomee.

Nilitafuta njia ya kutoka. Nikasema ni Kiswahili, hataelewa. Akasema sauti tu anataka kuisikia, halafu nimfasirie mstari mmoja mmoja, polepole. Shem akainuka akisema vani iko mahali pabaya, akatoka.

Nikasoma. Mubin alisikiliza kichwa kimeinama, akawa anapiga goti lake kwa mkono kwa mwendo wa mistari, na uliponoga alitikisa kichwa kama mtu anayeonja chakula kizuri. Kisha nikaanza kufasiri. Zulia limeingia kwa majivuno. Bibi amejisifu kwamba ni kazi ya thamani. Buluu imepauka pale katikati. Mkono wa Mubin ulisimama. Nikafika mstari wa nne, nikaona ninaweza kudanganya. Ningeweza kusema mfumaji alichoka. Nilifungua kinywa na uongo ulikuwa tayari, lakini alikuwa ananitazama usoni kwa makini, kama anavyotazama fundo asilolielewa. Nikasema ilivyo: kwamba aliyefuma hana macho ya ufundi.

Chai ilipoa. Nje fundi wa gereji alikuwa anagonga bati.

"Zein jan," alisema, "nilikueleza ule utepe, au sikukueleza vizuri? Kiarabu changu ni kibaya."

"Ulinieleza, ustadh. Nilielewa."

Akatikisa kichwa. Nadhani angependa zaidi kuambiwa kwamba kosa ni Kiarabu chake. Akaichukua sindano, akalitafuta tundu la uzi, akalikosa mara mbili. Nikataka kumsaidia nikaona mkono wangu hauna haki ya kusogea. Akasema Najla atauliza kwa nini limerudi, na yeye hajawahi kumficha dada yake jambo.

Nilirudi nyumbani nikafanya nilichojua kufanya. Nilitunga shairi jingine, beti kumi na mbili, nikaeleza mtungi wa kwanza na mtungi wa pili, nikamsifu mfumaji, nikajitaja kwa jina kwamba niliyasema ya mwanzo kwa hasira zangu. Nikalituma kwenye kundi lilelile. Watu watano waliweka vidole gumba. Mmoja akaandika, "Hili refu, bro. Tupe lile la zulia." Na yule mwanamke wa taarabu hakuliimba. Nilijifunza kwa uchungu kwamba sauti yangu ina miguu ikienda kubomoa tu.

Miezi tisa ikapita. Mubin hakubadilika nami kwa salamu. Alibadilika kwa kutonieleza tena kitu. Niliposhusha mizigo aliikagua kimya.

Kisha likaja zulia jipya kutoka kwa Najla, ambalo hakuna aliyeliagiza. Tulilifungua ghalani, Madam Lamees akiwepo. Nakshi zilikuwa zilezile, mafundo yaleyale madogo. Lakini buluu ilikuwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, imelala tuli kama rangi ya mlango wa duka. Madam alifurahi. Alisema sasa hakuna mteja atakayelalamika. Mubin aliinama akainusa sufu, akainuka.

Alipoondoka Madam nikamuuliza Mubin kuhusu buluu ile. Alinijibu kwa sababu nilimuuliza, si zaidi. Najla alisikia kwamba watu wa Dubai wameimba juu ya upofu wake. Alilia, kisha akamtuma mwanawe sokoni akanunue rangi ya unga, ya pakiti, inayotoka sawasawa hata kwenye baridi. Majirani watatu wakafuata. Wale wengine waliotaka kujifunza nili wakasema haina haja. Mitungi ya mama yao, Najla amempa mtu anayefuga kondoo, inatumika kunyweshea.

Nikamwambia ampigie simu Najla, amwambie airudishe mitungi, amwambie lile la kwanza ndilo zuri.

"Nimwambie amesema nani?" Mubin aliuliza. "Wewe? Wewe ndiye uliyesema neno la kwanza."

Madam alimpigia Bi Fairuz, akamweleza kwamba mfumaji amerekebisha. Nadhani neno hilo, amerekebisha, lilimfikia Bi Fairuz kama lilivyonifikia mimi. Lakini akasema lipelekwe alione.

Safari hii nilikuwa nimeshaamua. Tulilitandika mimi na Shem, sebule ileile, mabinti wanne wapo, na yule wifi wa Al Ain. Wote wakalisifu. Wifi akalizunguka akitafuta, asione, akasema, "Haya, hili halina la kuimbwa." Wakacheka. Nilikuwa bado nimepiga magoti, nanyoosha ukingo, na sikuinuka. Nikasema mbele yao wote kwamba ule ubeti niliutunga nikijua kuwa ni uongo. Kwamba utepe ule ndio uliokuwa ufundi, nilielezwa kabla. Kwamba nilifanya hivyo kwa sababu Bi Fairuz alinihesabia mizani, na alihesabu sawa. Nikamwomba, kama ataagiza yale manne, aagize ya rangi za mtungi, aseme hivyo yeye mwenyewe, kwa sababu neno lake litaaminika Andkhoi na langu halitaaminika.

Sikuwa nimewahi kupiga magoti mbele ya mtu. Masikio yaliwaka moto. Shem alikuwa anatazama viatu vyake.

Bi Fairuz akaomba watu watupishe. Mabinti wakatoka, wifi akatoka mwisho.

"Lile la kwanza lilikuwa zuri zaidi," alisema. "Nililijua siku ileile. Baba alikuwa na moja kama lile, utepe wake ulikuwa mwekundu."

Nikadhani nimefaulu.

"Lakini nina mabinti wanaoishi na wakwe," akaendelea. "Kila mkwe ana simu. Nikimpa binti yangu zulia lenye utepe, nimempa na wimbo wako. Mimi ni mtu mzima, na nilishindwa kukaa nalo siku nne. Wao wakae nalo maisha?"

Nikamwambia watu watasahau. Akasema labda, lakini yeye hana umri wa kungoja. Akaongeza kwamba amenisamehe kwa upande wake, na kwamba upande wa yule mwingine si wake kuusamehe. Kisha akamwita binti mkubwa alete kalamu.

Karatasi ya oda nilipewa mimi niipeleke. Ilikuwa fomu ya ofisi, ya mazulia manne, na penye nafasi ya rangi Bi Fairuz alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: buluu moja, isibadilike. Niliisoma ndani ya vani, kwenye taa nyekundu za barabarani, mara nyingi kuliko zilivyohitajika. Nilifikiri kuibadilisha. Kalamu nilikuwa nayo. Lakini nilikuwa nimeshawasemea watu wale mara moja bila kuulizwa.

Mubin aliipokea Satwa akiwa amesimama mlangoni. Akaisoma, akaipiga picha kwa simu yake, akaituma kwa Najla na maneno machache. Jibu lilikuja haraka, kabla sijapata la kuaga, ujumbe wa sauti. Akaufungua pale pale.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, kisha sauti za wanawake wengi pamoja, wanasema kwa kupokezana, na mmoja akapiga vigelegele kama vyetu. Walikuwa wamefurahi, hilo halikutaka kufasiriwa. Kazi ya miaka miwili na zaidi imeingia nyumbani. Mubin aliusikiliza wote mpaka mwisho, amenipa mgongo nusu, akaurudia mara ya pili. Hakunifasiria walichosema, nami sikuthubutu kumuuliza.